Mguu wa Kuku Juu ya Meza ya Chuma

Shieywe, Kakamega
Ijumaa jioni

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta umeketi na si shambani, na kwamba goti lako la kushoto limeacha kukusumbua. Mahindi yametoka? Hapa mvua imenyesha vizuri, na kila ikigonga bati la chumba changu nakuwaza wewe, nikijiuliza kama huko Mautuma imefika au imeishia njiani. Mimi mwili wangu ni mzima. Ni moyo tu ambao umekuwa ukienda mbio tangu jana. Ndiyo maana mwandiko wangu, ule unaopenda kuwaonyesha wageni, leo umepinda.

Sikupiga simu na sababu unaijua. Simu yako hulala dukani kwa Baba mdogo Zablon ikichajiwa, na mkewe huipokea ikilia na kusoma kila ujumbe kabla haujakufikia. Ninayotaka kukwambia yanamhusu mumewe. Nekesa, binti wa jirani yetu anayesoma chuo hapa, anakuja nyumbani kesho asubuhi. Nimemwambia asiiache barua hii mikononi mwa mtu mwingine yeyote. Isome peke yako, au umwite mdogo wangu Violet akusomee, na mlango uwe umefungwa.

Mama, nimeipata mashine ya Baba.

Tafadhali usipige kelele. Vuta pumzi, kisha uendelee kusoma.

Wewe umewaambia watu wote kanisani kwamba mimi ni karani ofisini Kakamega, na ni kweli, ila ofisi yenyewe ni chumba kidogo ndani ya karakana ya mabati. Mwenye karakana anaitwa Mama Hadija, mjane kutoka Mumias, mtu wa swala na wa maneno mengi. Mafundi wake wanatengeneza masanduku ya shule, mifereji ya paa na majiko. Mimi napokea wateja, naandika vipimo vyao na kuhakikisha sanduku la mtoto wa huyu halipewi yule. Sikuwahi kukueleza haya kwa sababu uliuza ng'ombe ili nisome, na niliona haya kukwambia kwamba nashinda kwenye kelele za nyundo. Leo sioni haya tena. Kama ningekuwa kwenye ofisi yenye zulia, chuma cha Baba kingenipita.

Pale karakana tuna mkasi wa bati. Si mkasi wa mkono kama wa fundi cherehani. Ni mkubwa, una mpini mrefu kama wa pampu ya kisima, na ukiuvuta chini unakata bati kama karatasi. Shida yake ilikuwa ni mahali ulipofungwa. Ulikuwa juu ya benchi la mbao, na kila ukivutwa benchi liliruka pamoja nao. Bati lilitoka na meno, vifuniko vya masanduku vikakataa kufunga, na wazazi wakaja kunigombeza mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayekata.

Basi Fundi Shikuku, mkubwa wa mafundi, alimwambia Mama Hadija, "Mama, huu mkasi unatakanga kitu kizito. Kitu kimekaa kama askofu. Mbao itatuua."

"Mimi sina askofu hapa, mimi ni Mwislamu," Mama Hadija akamjibu. "Angalia kule nyuma kwa vyuma vikuukuu, utapata hata shehe."

Wakacheka, wakaenda nyuma, wakarudi wakiburuta mashine ya zamani ya kutobolea vyuma. Mota yake ilikuwa imeungua zamani. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, rangi nzito ya mlango, iliyopakwa kwa haraka mpaka imefanya michirizi. Mimi nilikuwa mlangoni na kalamu yangu. Mashine kama hizo ni nyingi, Mama, na sikuona chochote cha kunishtua. Shikuku alisema atakitoa kichwa chake pamoja na mota, abaki na nguzo na kile kitako kipana, kisha akatuita tuje tuilaze chini apime matundu.

"Karani, shika hapa. Usiogope, chuma haiumi."

Tukailaza. Kitako kikageuka, na upande wake wa chini ambao siku zote unalala sakafuni ukatazama juu. Kulikuwa na udongo mkavu na grisi iliyoganda. Shikuku akakwangua kwa bisibisi. Pale katikati ukatokea mguu wa kuku.

Unaujua mguu huo kuliko mimi. Vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, vimepigwa nukta kwa nukta kwa msumari wa chuma kigumu. Kila nyundo ya Baba, kila koleo, hata jembe la jirani alilotia mpini, alilipiga mguu huo, kwa sababu watu waliazima vyombo vyake kisha wakasahau kuwa ni vya kuazima. Na uliwahi kutusimulia alama yenyewe ilikotoka, jinsi kuku wako alivyokatiza juu ya simiti mbichi siku Baba alipomaliza sakafu ya banda lake, naye badala ya kumfukuza akacheka na kusema, "Huyu ameshaweka sahihi."

Nilimwambia Shikuku nimeingiwa na vumbi machoni. Nikaenda chooni nikajifungia.

Nilipotoka nilimuuliza Mama Hadija, taratibu, kama karani anayetaka tu kujua, ni nani aliyetuuzia mashine ile. Hakufikiri hata kidogo.

"Si yule mzee wa kanisa wa huko Lugari, mwenye kofia ya majani na meno yake yametengana hapa mbele? Alikuja na pikapu. Ameifunika na turubai. Nikamuuliza, mzee, turubai kubwa hivi umeitoa wapi? Akasema ni ya msiba, wataihitaji jioni."

Wataihitaji jioni, Mama. Turubai ya msiba wa Baba. Jioni ileile tulikaa tukalia chini yake.

Nakuomba sasa ukumbuke yale ambayo umekuwa ukijilazimisha kuyasahau. Ukumbuke siku ya kunyolewa nywele, Baba akiwa ameshazikwa na ukoo wote umekaa uani kusikiliza nani alimdai marehemu na nani anadaiwa, na vitu vyake viende kwa nani. Baba mdogo Zablon alisimama, akavua ile kofia, akauliza kwa sauti ya kilio, "Mashine ya ndugu yangu iko wapi?" Watu wakatazamana. Kisha akamnyoshea kidole Elam, kaka yangu, mwanao wa kwanza na wa pekee wa kiume. Akasema Elam ameiiba usiku akainywea pombe. Elam alikuwa amelewa siku ile, sikatai. Alilewa kwa sababu alikuwa amemzika baba yake. Hakuweza kujitetea. Wazee wakamwambia asikanyage boma lile mpaka arudi na mashine mgongoni, na unajua maana ya kumwambia mtu hivyo mbele ya kaburi bichi.

Tangu siku hiyo Elam yuko Mumias anaendesha bodaboda, na hajaonja chakula chako. Tangu siku hiyo Zablon analima kipande chetu cha mtoni, kwa kuwa mwenye kukilima hayupo. Na Krismasi iliyopita nilimwona kwa macho yangu akikaa kwenye kiti cha Baba, ukamchinjia ingokho, kuku mzima, ukampa imondo. Firigisi ile hupewa mwenye nyumba, na yeye aliitafuna polepole huku akinitazama na kuniuliza kama kule ofisini kwetu kuna nafasi ya mwanawe.

Mama, mimi ni mwoga. Unajua nilivyokuwa nikizunguka nyumba nzima ili nisimpite bata mzinga. Lakini tangu nilipouona mguu ule wa kuku nimekuwa na kitu kifuani ambacho sikukijua. Sikutaka mashine. Nilimtaka yeye. Nilitaka asimame mahali aliposimama Elam, watu wamtazame vile walivyomtazama Elam, na ulimi umgande.

Sikumwambia mtu yeyote siku ile. Nilifanya jambo moja tu. Shikuku alikuwa amepanga kuisimamisha ile nguzo kama ilivyokuwa, kitako chini, kisha achomelee sahani ya chuma juu ya kufungia mkasi. Nikamwendea na daftari la vipimo, nikamuuliza, "Fundi, kwa nini usiigeuze kichwa chini? Hicho kitako ni kipana na kimenyooka. Kinaweza kuwa meza. Nguzo uizike kwa simiti."

Akanitazama kama mtu aliyesikia kuku akisoma habari. "Karani! Umeanza kuwa fundi lini?"

"Nauliza tu."

"Unauliza tu." Akazunguka ile nguzo, akapiga kitako kwa kiganja. "Lakini si vibaya. Meza tayari, sitachomelea kitu. Na ikishikwa na simiti haitatingishika hata ivutwe na ndovu."

Wakachimba sakafu, wakaisimamisha nguzo kichwa chini, wakamimina simiti na kokoto. Ilipokauka, kile kilichokuwa kimefichwa ardhini miaka yote kilikuwa juu, usawa wa kiuno cha mtu mzima, kinatazama dari. Wakafunga mkasi upande mmoja wa meza ile kwa bolti nene. Upande wa pili, mbele kabisa ya anayevuta mpini, mguu wa kuku ulibaki wazi. Kila jioni niliusugua kwa kitambaa chenye mafuta taa mpaka nukta zikang'aa. Shikuku akadhani napenda usafi.

Sikujua bado jinsi nitakavyomleta Zablon. Alijileta mwenyewe. Wiki iliyopita simu ya karakana ililia, nikaipokea, na sauti niliyoisikia ilikuwa yake. Hakunitambua, kwa sababu nilibana pua. Alisema kanisa limemteua kununua mifereji ya paa, na kwa kuwa yeye na Mama Hadija waliwahi kufanya biashara vizuri, angependa apewe bei ya kirafiki. Nikamwambia, "Karibu sana mzee, njoo Alhamisi." Nilipoweka simu chini nilikuwa nimelowa jasho hadi mgongoni.

Hapo ndipo nilipomweleza Mama Hadija kila kitu. Nilifikiri atanifukuza kazi. Badala yake akavua miwani yake.

"Wallahi, binti yangu, mimi nilinunua kwa nia njema."

"Najua, Mama."

"Mali ya msiba. Akaifunika na turubai ya msiba, akaja kunichekea hapa!" Akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. "Sasa sikiliza. Kule kwetu mashine mpya haianzi kazi mpaka mgeni wa heshima avute mara ya kwanza na aiombee dua. Huo mkasi haujafunguliwa rasmi, sivyo?"

"Tumeshakata masanduku mengi sana nao."

"Haujafunguliwa rasmi," akasema, na akavaa miwani.

Nitakwambia na jambo hili, kwa sababu sitaki kukuandikia nusu ya ukweli. Jana asubuhi Shikuku alikuwa akikaza upya bolti za mkasi. Aliitwa nje kabla hajamaliza, akaniachia spana mkononi, akasema, "Ile ya mwisho nimeiregeza, ikaze." Nikabaki peke yangu na ile nati. Mama, nilijua kinachotokea ikiwa nati hiyo haikukazwa. Mpini ukivutwa kwa nguvu, mkasi unaruka upande, na mkono wa kushoto ulioshika bati unakuwa hapo hapo. Niliviona vidole vya Zablon, vile alivyomnyoshea Elam. Niliviona waziwazi. Spana ilikuwa mkononi na moyo wangu ulisema, acha hivyo hivyo.

Niliikaza. Si kwa huruma, usinisifu kwa hilo. Niliikaza kwa sababu kile ni chuma cha Baba, na Baba hakuwahi kumfungia mtu kitu kikabaki kimelegea. Na pia nilitaka Zablon arudi nyumbani mzima, akiwa na vidole vyake vyote, ili atembee navyo mbele za watu.

Alifika saa ya chai. Kanisa letu halimruhusu mtu kwenda kununua kitu peke yake, unalijua jambo hilo, na mimi nililitegemea. Alikuja na Mzee Jotham pamoja na Mama Selina mweka hazina. Mama Hadija aliwapokea kwa salamu ndefu, akawauliza hali za nyumbani, za mifugo na za barabara, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya masanduku. Kisha nikatoka.

Baba mdogo alipepesa macho. "Eh! Phanice! Si wewe uko ofisini?"

"Hii ndiyo ofisi, Baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba." Akatazama kushoto na kulia, lakini hakuona kijani chochote. Shikuku alikuwa ameshakwangua rangi yote ile. "Sasa mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza."

Mama Selina akacheka. "Na mama yake anasemanga mtoto anakaa kwa kiti ya kuzunguka! Kumbe anazungukwa na masanduku!"

Mama Hadija akapiga makofi. "Wageni wangu, mmekuja siku ya baraka. Tuna mashine mpya, na mzee wa kanisa amekuja. Mzee Zablon, tufanyie heshima. Hilo bati la kwanza la mifereji yenu ulikate kwa mkono wako."

Unajua anavyopenda kuheshimiwa. Alivua koti, akampa Mzee Jotham amshikie, akakunja mikono ya shati. Mimi nilikuwa nimelilaza bati juu ya meza likaufunika ule mguu wa kuku wote. Akaushika mpini, akaomba kwa Kiswahili na kwa Kiluhya, akaombea karakana, akaombea mikono ya mafundi, akamwomba Mungu awafichue wezi wa nchi hii. Nakuapia, Mama, aliomba hivyo. Shikuku alikohoa. Kisha Zablon akavuta.

Bati lilikatika kwa sauti moja safi. Kipande kikaanguka, nami nikalivuta lililobaki, taratibu, likateleza likaondoka juu ya meza.

Mzee Jotham alikuwa ameshika meza akiitikisa. "Hii imeshika kweli. Mmeitoa wapi chuma kama hii? Siku hizi wanatengenezanga na makopo ya soda." Akainama. Akatoa miwani mfukoni.

Mama Selina ndiye aliyelisema. "Haya! Si huu ni mguu wa kuku wa marehemu?"

Zablon akauachia mpini wa mkasi.

"Mafundi wote wanawekanga alama," Baba mdogo akasema.

"Hii hapana," Mzee Jotham akasema. "Jembe yangu iko na hii mpaka leo. Marehemu alinitilia mpini, akanipigia hii, akaniambia, Jotham, ukilisahau kwangu litakukumbuka."

Mama Hadija akauliza kwa upole mkubwa, upole ule unaotisha, "Mzee Zablon, si wewe ndiye uliniletea? Ile siku ya turubai?"

Mama, nilikuwa nimeapa nitanyamaza niache chuma kiseme. Lakini mdomo wangu ulifunguka. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto, na nilikuwa natetemeka mpaka kalamu ikaanguka. "Baba mdogo, kama uliiuza wewe, kwa nini ulisema ni Elam?"

Alinitazama. Sikuinamisha macho, ingawa nilitaka. Kofia yake ilikuwa mkononi na alikuwa anaizungusha, anaizungusha. Kisha akapata jibu, na jibu hilo ndilo lililonifanya nikae niandike barua hii badala ya kulala usingizi wa furaha.

Alisema, "Shemeji ndiye alinipa. Mama Elam mwenyewe. Aliniambia niuze nimsaidie na mambo ya mazishi, na nisiseme. Muulizeni."

Mzee Jotham akamrudishia koti bila kumvalisha. "Tutamuuliza," akasema. "Jumapili baada ya ibada. Na wale wazee wa siku ya kunyoa watakuwepo."

Wakaondoka wote watatu kwa gari moja, na nilimwona Mama Selina akipanda nyuma penye mizigo ili asikae karibu naye.

Sasa, Mama, kila kitu kiko kwako. Mashine imesema yake na mimi nimesema yangu, lakini neno lako ndilo watakalolichukua. Naye anajua hivyo. Labda ameshakuja, kabla ya barua hii. Labda alikuja na sukari, akakaa, akakuita shemeji kwa sauti ile, akakukumbusha kwamba yeye ndiye atakayekuchimbia kaburi, na kwamba mwanamke mwenye akili hawagombanishi ndugu. Nakujua. Unapenda amani kiasi cha kulala njaa ili watu wasigombane. Kama ulimwitikia, bado hujachelewa. Alichokuomba jikoni si kitu mpaka ukiseme uani.

Sikwambii uongeze wala upunguze. Nakuomba useme tu ulichosikia. Je, wakumbuka? Ilikuwa kabla ya kunyolewa, wakati ule mjane haruhusiwi kutoka, na ulikuwa umeketi kwenye mkeka nami nikiwa nimekuegemea. Asubuhi, wanaume wengi wakiwa wameenda kuleta kuni. Tulisikia kitu kikiburutwa nyuma ya nyumba juu ya mawe, kizito, kikikwaruza na kusimama, kikikwaruza na kusimama. Uliinua kichwa, ukauliza, "Ni nini hicho kinaburutwa?" Na mke wa Baba mdogo akajibu kutoka mlangoni, "Ni viti vya msiba, vinarudishwa."

Viti vile vilikuwa vya plastiki, Mama.

Mimi pia nilisikia, nikanyamaza kama wewe. Tulikuwa na majonzi, na hakuna mtu aliyefikiri kuchunguza sauti. Lakini nadhani baadaye ulifikiri. Nadhani siku ile Elam aliponyoshewa kidole uliikumbuka sauti hiyo, nikaona mkono wako umeshika shingo, na ukaogopa. Sikulaumu. Ninaujua woga, nimeurithi kwako, tunafanana kwa woga kama tunavyofanana kwa masikio. Ila jana nilisema nikiwa natetemeka, na sikufa. Ukitetemeka Jumapili, tetemeka, lakini sema.

Wakikuuliza kama ulimpa mashine, sema hapana. Wakikuuliza unajuaje kuwa iliondoka wakati ule, waambie habari ya viti. Kisha umgeukie mkewe, umwulize mbele ya watu wote ni viti gani vile. Umwache ajibu. Usimsaidie hata kwa neno moja, kama ulivyozoea kuwasaidia watu wakikwama.

Kuhusu Elam. Nilimpigia jana hiyo hiyo. Nilipomwambia aliuliza neno moja tu: "Iko?" Nikamwambia iko. Alifika karakana jioni, pikipiki ina matope mpaka kwenye kiti, na hakunisalimu. Alienda moja kwa moja mezani, akaweka kidole gumba juu ya ule mguu wa kuku, akakipitisha nukta kwa nukta. Hanuki pombe siku hizi. Shikuku akampa kipande cha bati bila kumuuliza yeye ni nani. Elam akakikata. Akakigeuza, akautazama ukingo, akasema, "Haina meno." Basi hayo tu. Baadaye alisema angemfuata Zablon usiku uleule akamvunje. Nikamkatalia. Nilimwambia tukimpiga watu watamhurumia, na mimi sitaki ahurumiwe na mtu. Nataka aseme kwa kinywa chake, amesimama, jua likiwa juu, mahali palepale alipomsimamisha kaka yangu. Nataka arudishe kipande cha mtoni kikiwa na mahindi yake juu. Kisha kila akipita sokoni Mautuma, asikie watu wananyamaza.

Mama Hadija alitaka kuing'oa mashine aturudishie. Nilikataa, na Elam akakubaliana nami. Ibaki pale. Watu wa Lugari huja Kakamega kununulia watoto masanduku, na kila atakayesimama kukatiwa bati atauona ule mguu na kuuliza ni alama ya nani. Nami ndiye karani. Nitawajibu kwa heshima na kwa urefu.

Jumapili nitakuja na Elam. Hataingia bomani mpaka mumwite, atasimama barabarani karibu na ule mti wa mparachichi uliopigwa na radi. Msikie wazee watakalosema, kisha umwite wewe mwenyewe kwa jina lake lote.

Msalimie Violet, umwambie kalamu alizoomba nimemnunulia na asiseme lolote shuleni. Msalimie Kukhu, mama yake Baba, na kama masikio yake yako sawa siku hiyo, mwambie mjukuu wake anakuja. Mama Selina mpe salamu zangu za pekee kwa kuwa macho yake yanaona. Baba mdogo na mkewe usiwasalimie. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuandika hivyo, na nimeandika bila kufuta.

Jambo la mwisho ni yule jogoo mwekundu. Najua ukisikia wazee wanakuja utaamka alfajiri umshike. Usimchinje. Wakae, wapewe maji tu, na waongee kwanza. Yakishakwisha, Elam akishaingia, ndipo umchinje, umpike kama ulivyokuwa ukimpikia Baba, na Zablon asiruhusiwe kuondoka. Mpe kiti, si kile cha Baba. Mpe na ugali, mpe na shingo kama akitaka.

Imondo uiweke kwenye sahani peke yake, uivushe mbele ya macho yake, umpe Elam.

Mwanao aliyeacha kuogopa kidogo,
Phanice